Picha ya Tatu

Ya kwanza niliipiga Jumanne, mvua ikichapa bati.
Shija, miaka minane, mkono wa kushoto,
kaanguka jabalini Bugarika akimfukuza pimbi.
(Pimbi, nasikia, hajambo.)
Mifupa miwili ya kigasha: mmoja mzima,
mmoja umekatika kama muwa uliovunjiwa gotini,
ncha zimepishana kama majirani waliogombana.
Mama yake, vumbi la kokoto bado nyusini,
akauliza, "Mtauunga kwa nini? Gundi? Misumari?"
"Plasta tu, mama, ili utulie. Kazi ni ya mwili wake."
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa sangara wa juzi.

Foleni ilifika hadi getini, sikumweleza.
Usiku, kitandani, nikamweleza:

Mama Shija, mfupa ulipolia ka!
damu ilikimbilia ufani ikaganda.
Usiione uchafu ile; ndiyo msingi.
Wakaingia wafagiaji, wakala vipande vilivyokufa,
vikafuata vijishipa vyembamba kuliko uzi wa nyavu za dagaa,
na nyuma yao wajenzi, wasio na mnyapara,
wakatandika gegedu, laini kama ncha ya sikio,
kutoka ng'ambo hii ya ufa hadi ng'ambo ile.
Kisha chokaa. Chokaa wanaitoa wapi?
Kwenye sufuria yako. Wale dagaa wa Igombe
unaowakaanga na vichwa vyao,
mifupa yao haikupotea, imehama.
Mchana kutwa unavunja jabali liwe kokoto;
ndani ya mwanao kokoto zinarudi kuwa jabali.

Picha ya pili, wiki ya sita.
Kuzunguka ufa pametanda weupe,
kama ukungu wa ziwani kabla kivuko cha Kamanga hakijapiga honi.
"Umevimba," mama akasema. "Mmeuharibu."
Nikasema mwili ni fundi mwoga:
kwanza humwaga zege kupita kiasi,
halafu ndipo huchonga.
Shija hakuwa na habari nasi. Aligusa kioo:
"Na huu mstari mweusi karibu na kiganja, nao ni ufa?"
"Huo ni mlango. Hapo ndipo unaporefukia."
"Usiku ndio wanafanya kazi? Siwasikii. Nasikia kuwashwa tu."
"Labda ndio wao."
"Wako uko wapi?"

Wangu ulifungwa nikiwa kidato cha tatu.
Sikusikia hata komeo.

Ya tatu, Septemba.
Wabomoaji wamepita, wamelilamba donge
punje kwa punje, wakaacha panapobeba mzigo.
Umebaki mpindo kidogo; utanyooka, ana miaka ya kurefuka.
Nikatafuta ufa ulipokuwa, nikaukosa,
mimi niliyeuona.

Mama akabaki mlangoni na karatasi ya daktari, yake mwenyewe:
kidole kinauma nyakati za baridi.
Akalaza mikono yote miwili mezani.
Kidole cha shahada, cha kushoto, nyundo ilikivunja zamani;
hakuna aliyekifunga, kikaunga upande upande,
kama mtu aliyejifunza kusoma kwa mwanga wa jirani.
Lakini nilichomwita aone ni kigasha cha kulia.
Kuta za mfupa ni nene kuliko za kushoto.
Miaka kumi na tisa ya nyundo,
na kila pigo mwili ulilisikia, ukaongeza ukuta,
kimya, bila kumdai.

Alitazama muda mrefu.
"Nilidhani ninaisha," akasema.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaanza, pembeni ya picha: Mama Sh—
"Hapana," akasema. "Andika Mbuke."